Imeili imefika, atachimenti haiko: anza kuangalia hapa

Hapa Kondele, Kisumu, nina saiba na meza ndogo ya kutengeneza kompyuta, na shida moja inarudi kwangu karibu kila wiki. Mtu ametuma barua na faili, yule mwingine anasema imeili nimeipata lakini karatasi hazimo. Wanaanza kulaumiana, huyu nilituma, yule hukutuma, na wote wawili wanasema ukweli. Kuna dada mmoja wa Ahero alituma maombi ya kazi kutoka laptopu ya binamu yake siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, sivii na vyeti vyote ndani, alafu ofisi ikamjibu tarehe ikiwa imeshapita kwamba barua yake ilikuja bila vyeti. Tulipokaa na ile laptopu tukaangalia, vyeti vilikuwa vimeondoka vyote, ila vilifungwa kwa namna ambayo programu ya upande ule haijui kufungua. Iliniuma sana, juu ni setingi moja tu ingebadilishwa na angeitwa intavyuu kama wengine.

Kwa hivyo ukishika kitu kimoja hapa, shika hiki: mara nyingi atachimenti haijapotea. Iko ndani ya ile ile imeili, programu ya kupokea ndio haijui kuionyesha. Ndio maana nawaambia watu kila siku, usifute hiyo imeili hata kama unaiona ni tupu.

Kabla ya kugusa setingi yoyote

Fanya vitu viwili, havichukui hata dakika tano, na vinamaliza karibu nusu ya kesi zinazoletwa hapa kwangu.

Cha kwanza ni cha aliyetuma. Aende kwa folda ya Sent, aifungue ile barua yenyewe, siyo kuiangalia kwa orodha tu, aone kama faili iko na kama inafunguka. Kama haiko pale basi haikuondoka kabisa. Na hii ndio sababu ya kawaida kuliko zote: mtu ameandika barua vizuri na faili akasahau, ama amebonyeza tuma faili ikiwa bado inapanda na bando ni dhaifu ama stima imepotea katikati, ama amejibu barua iliyokuwa na faili akidhani faili itafuata. Reply haibebi atachimenti ya zamani. Forward ndio hubeba. Hii ya Reply naiona sana kwa walimu na makarani, mkuu anaomba "nitumie tena ile fomu", karani anajibu pale pale juu ya barua ya zamani, mkuu anapata maneno tu.

Ukitumia Thunderbird, ile programu ya kusomea imeili, kuna kitu kizuri sana watu hawakijui. Ina uwezo wa kukukumbusha kama umetaja faili kwa barua na hujaiweka, lakini inatafuta maneno iliyopewa. Ingia kwa setingi, sehemu ya Composition, utaona orodha ya hayo maneno, ongeza yako: nimeambatanisha, kiambatisho, fomu, risiti. Kuanzia hapo ukiandika barua kwa Kiswahili itakukumbusha.

Cha pili ni cha aliyepokea. Aache ile programu yake, afungue akaunti hiyo hiyo kwa brauza, kwa tovuti yenyewe ya imeili, na kama anaweza atumie kompyuta badala ya simu. Faili ikionekana kwa brauza, basi shida iko kwa programu yake ama simu yake na faili ashaipata, aishushe hapo kwanza maisha yaendelee, hiyo programu itarekebishwa baadaye. Isipoonekana hata kwa brauza na kwa Sent ya mwenzake iko, basi ama imezuiwa njiani ama imefungwa vibaya.

"Naona kitu kinaitwa winmail.dat"

Mwalimu mmoja wa Mumias alinijia na simu mkononi. "Fundi, hii kitu ni virusi?" Nikamwambia hapana mwalimu, usiifute, huo ni mfuko na karatasi zako ziko ndani.

Sababu yake karibu kila wakati ni moja. Aliyetuma anatumia ile Outlook ya zamani ya kompyuta, na barua yake imeandikwa kwa mtindo unaoitwa Rich Text. Mtindo huo ni wa Microsoft wenyewe, unachukua rangi za maandishi, jedwali na faili zote unazipakia kwa mfuko mmoja kwa mfumo unaitwa TNEF. Outlook nyingine ikipokea inaufungua bila wewe kujua. Programu nyingi zingine haziujui, kwa hivyo zinakuonyesha mfuko wenyewe, winmail.dat, ama application/ms-tnef, na wakati mwingine hazikuonyeshi chochote. Hiyo laptopu ya binamu ya yule dada ilikuwa imewekwa hivyo na mtu aliyeitumia kabla yao.

Kitu rahisi cha kwanza ni kumwomba mwenzako atume tena, lakini kabla ya kubonyeza tuma aende kwa Format Text pale juu na achague HTML. Ama atume kutoka kwa simu yake, ama kutoka kwa brauza. Hiyo inatosha kwa leo.

Ili isirudi, abadilishe kabisa: File, Options, Mail, mahali imeandikwa Compose messages in this format aweke HTML. Asiishie hapo. Ashuke chini kwenye ukurasa huo huo mpaka Message format, kuna mstari unaouliza barua za Rich Text zinazoenda nje zifanywe nini, achague zigeuzwe kuwa HTML. Wengi wanabadilisha pale juu peke yake alafu wananiambia bado.

Na ikiwa bado, na ni wewe peke yako unapata winmail.dat wakati wengine wanapata faili sawa, basi Outlook yake imekariri jina lako na mtindo wa zamani. Aanze kuandika imeili yako pale kwa To, jina likitokea lenyewe alifute kwa kale ka-alama ka X pembeni, kisha aandike anwani yako yote upya kwa mkono. Kama umehifadhiwa kwa kontakti zake, afute hiyo kontakti aiweke upya.

Sababu ya nadra zaidi ni seva ya ofisi yao, yaani kompyuta kuu inayopokea na kutuma barua zao. Zile ofisi zinazotumia Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft, kuna setingi upande wa msimamizi inayoamua kama TNEF itoke nje ama isitoke, na ikiwa imelazimishwa itoke, huyo mwenzako hata abadilishe nini kwa kompyuta yake hatafaulu. Hapo asihangaike, awaite IT wao, awaambie waangalie TNEF kwa setingi za remote domain. Hayo maneno yanatosha, mtu wa IT ataelewa.

Na wewe uliyepokea ukitaka kuufungua mfuko ulio nao saa hii? Kwa Linux kuna programu ndogo inaitwa tnef, kwa simu ziko apu za kazi hiyo. Ziko pia tovuti za kukufungulia, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama ndani kuna nakala ya kitambulisho, cheti cha hospitali, hati ya shamba ama P9 yako, usipakie huo mfuko kwa tovuti usiyoijua. Hujui inabaki na nani. Afadhali usubiri mwenzako atume tena.

"Kwa simu naiona, kwa kompyuta haiko" (ama kinyume chake)

Hapa sababu ni nyingi kidogo, nazipanga kulingana na zile naona sana.

Ya kwanza ni kwamba programu haijashusha barua yote. Programu nyingi za simu huchukua kichwa cha barua na kipande kidogo ili kukuhifadhia bando, zingine zinangoja ubonyeze. Shuka mpaka chini kabisa ya barua, tafuta kitufe cha kushusha iliyobaki. K-9 Mail, na Thunderbird ya Android iliyotoka 2024 ikijengwa juu yake, hufanya hivyo barua ikiwa kubwa. Thunderbird ya kompyuta nayo, ikiwa akaunti yako ni ya POP (njia ya kuchukua barua, naieleza chini kidogo), angalia Account Settings, Disk Space, kuna sehemu ya kuambia programu isishushe barua zinazozidi ukubwa fulani, na ikiwa imewekwa tiki basi kila barua yenye PDF itakuja nusu. Ondoa tiki. Kwa Apple Mail, kwa setingi za akaunti kuna Download Attachments, na ikiwa imewekwa Recent basi inashusha za miezi 15 iliyopita tu, ile kandarasi yako ya miaka mitatu iliyopita itakuwa bado iko kwa seva na lazima uwe na mtandao ndio uifungue.

Simu ikiwa imejaa pia haishushi, na mara nyingi haikuambii kitu, inazunguka tu. Futa video za WhatsApp kwanza ujaribu tena.

Alafu kuna POP. POP huchukua barua kutoka kwa seva na kama hujaiambia iache nakala, inazifuta kule. Sasa unapata kompyuta ya ofisi imebeba barua asubuhi, wewe jioni kwa simu huoni kitu. Weka tiki pale kwa Leave messages on server kwa kompyuta zote, ama bora zaidi hamia IMAP, njia inayoziacha barua kwa seva na kuzionyesha kwa vifaa vyote. LAKINI usifute akaunti ya POP kwa kompyuta ili uweke ya IMAP kabla hujaweka nakala ya zile barua pembeni. Mama mmoja wa duka la dawa alifutiwa barua za miaka sita hivyo na kijana aliyekuja kumsaidia, na kwa seva hakukuwa na kitu kimebaki. Ukifika hapo simama, tafuta mtu anayejua.

Ya tatu, na hii inasumbua watu wa mifumo: faili inaonekana kwa Gmail lakini kwa Outlook hakuna kabisa, hata ile alama ya klipu haionekani. Hiyo mara nyingi ni barua iliyotumwa na mfumo, siyo na mtu. Stetimenti, risiti, ankara za karo. Kuna chama kimoja cha akiba upande wa Luanda mfumo wao ulikuwa unatuma stetimenti kila mwezi, wanachama wenye Gmail wanazipata, wale wa imeili za ofisini wanaona salamu tu, na meneja akaamini ofisi zinawazuia. Kumbe aliyeandika ule mfumo alikosea mpango wa barua. Nieleze kidogo. Imeili kwa asili yake ni maandishi tu, na faili zilipata njia ya kawaida ya kusafiri ndani yake mwaka wa 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa mpango unaoitwa MIME. Kwa MIME barua ni kama masanduku ndani ya masanduku. Kuna sanduku linaloitwa multipart/mixed, maana yake humu kuna vitu tofauti, vionyeshe vyote. Kuna lingine multipart/alternative, maana yake humu kuna kitu kimoja kwa sura mbili, chagua sura moja. Ukiweka PDF ndani ya hilo la pili, programu moja itakuhurumia ikuonyeshe, nyingine itafuata sheria, ichague maandishi na iache PDF. Dawa yake haiko kwa aliyepokea. Mwambie aliyeandika mfumo sanduku la nje kabisa liwe multipart/mixed na PDF iwe humo, imewekwa alama ya attachment, siyo inline. Kwa chama kile ilibadilishwa siku moja na kelele zikaisha.

Ya mwisho ni orodha ya barua ya Thunderbird kuharibika, unafungua barua na unaona ya mtu mwingine ama haina kitu. Bonyeza folda kwa kulia, Properties, Repair Folder, subiri imalize. Ikiwa folda ni kubwa sana usizime kompyuta katikati.

"Nimepata ATT00001" ama "noname"

Kama mwenzako anatumia Mac na wewe Outlook, hii utaiona. Apple Mail humruhusu mtu kuweka picha ama PDF katikati ya maneno, aya, picha, aya, picha. Inapotuma, kila kipande cha maneno baada ya picha kinasafiri peke yake, na Outlook inachukua vile vipande inavifanya viambatisho vyenye majina ya ATT00001.htm, ATT00002.htm. Vifungue, ndani utapata sahihi ya mtu na maneno mengine ya barua. Hakuna kilichopotea, na usivifute kabla hujavisoma juu wakati mwingine maelekezo yenyewe yako humo. Upande wa Mac aende Edit, Attachments, achague faili ziwekwe mwisho wa barua.

Sababu ya pili ni jina la faili, na hii nawaambia Waswahili wenzangu hasa. Simu zetu siku hizi ukiandika ng'ombe zinaweka ile alama iliyopinda, ’, badala ya ile iliyonyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ile iliyopinda siyo herufi ya kawaida, kwa hivyo jina la faili lazima lifichwe kwa msimbo ndio lisafiri, na kuna namna mbili tofauti za kulificha na siyo kila programu inajua zote mbili. Unatuma "Mkopo wa ng’ombe.pdf", mwenzako anapata =?UTF-8?Q? na herufi nyingi zimefuatana, ama anapata faili isiyo na jina wala .pdf mwishoni. Sasa Windows haijui aifungue na nini.

Aliyepokea aihifadhi kwa kompyuta, alafu abadilishe jina aweke .pdf mwisho, ama .docx, kulingana na alichoambiwa, itafunguka. Fanya hivyo kama tu unamjua aliyetuma na ulikuwa unangoja faili. Aliyetuma naye siku ingine atumie jina fupi lenye herufi za kawaida, bila apostrofi, bila mkwaju, bila nukta tatu tatu.

"Amenitumia linki na linki inaniomba ruhusa"

Hii siyo shida ya kupotea, ni ukubwa. Gmail inaruhusu megabaiti 25. Outlook ya kompyuta kwa akaunti za kawaida 20. Lakini hesabu ina siri: faili ikisafiri kwa imeili inageuzwa kuwa herufi, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na ukiongeza mistari, faili ya megabaiti 20 inakuwa kama 27. Ndio maana unatuma kitu unachoona kiko chini ya mpaka wa seva ya mwenzako na bado kinarudishwa.

Ikizidi, Gmail inaiweka Google Drive na kutuma linki. Aliyetuma akubali mwenye linki aone, la sivyo yule wa imeili ya ofisi atakwama. Apple nao wana Mail Drop, na linki yake inakufa baada ya siku 30, kwa hivyo kama uliiacha "nitashusha baadaye" ikapita mwezi, omba tena. Outlook yenye OneDrive nayo hutuma linki bila mtu kugundua, faili ikiwa na kawingu pembeni ujue ni linki, achague itumwe kama nakala. Na skani zako zipunguze: cheti cha ukurasa mmoja hakihitaji kuwa megabaiti 9, weka skana kwa 200 ama 300 dpi, kama rangi haihitajiki weka kijivu.

"Imezuiwa"

Ukiona mstari juu ya barua kwa Outlook unasema imezuia faili fulani, ama barua imerudi kwa aliyetuma na namba 552-5.7.0, faili iko kwa aina zinazokatazwa. Gmail haipokei .exe, .apk, .js, .bat, .iso na zingine za namna hiyo, hata ukizifunga kwa zipu. Outlook inaficha hizo nyingi na pia .mdb ya Access, na hapo watu wa hesabu wanashtuka kwa sababu hiyo ni kazi yao ya kila siku.

Ikiwa ni faili ya halali na mnajuana, ipandishe Drive ama OneDrive umpe linki. Usimfundishe mtu kubadilisha jina la .exe kuwa .txt ili ipite. Mwishowe atazoea kufungua kila kitu.

Antivirus ya kompyuta nayo inaweza kung'oa faili na kuacha karatasi ndogo ya kusema imeondolewa. Fungua antivirus uangalie sehemu ya karantini uone imeandika nini. USIIZIME ili faili ipite. Hasa kama ni ankara usiyoingoja, ama faili ya .html inayokuomba uingize paswadi ya imeili. Hapo simama kabisa, na kama umeshaingiza paswadi, badilisha saa hiyo hiyo kutoka kwa simu ama kompyuta nyingine, alafu muone mtu wa IT, maana hao wezi wa paswadi huweka sheria za siri za kufowadi barua zako kwingine.

"Iko, lakini inakataa kufunguka"

Picha ya .heic kutoka iPhone, ama hati ya .pages kutoka Mac: haijaharibika, Windows yako ndio haina kitu cha kuifungulia, omba JPEG ama PDF. PDF yenye paswadi, kama stetimenti za benki na M-Pesa, siyo mbovu, tafuta paswadi yake. Faili ya .msg ni barua nzima ya Outlook imewekwa ndani ya barua nyingine, .eml ni hivyo hivyo kwa zingine. Kwa simu zinasumbua, mwambie mwenzako afowadi kwa njia ya kawaida, siyo kama atachimenti.

Outlook ikikuambia Can't create file, folda yake ya muda imejaa faili za jina moja. Mtu anayepokea "scan.pdf" kila siku atafika hapo. Folda inaitwa Content.Outlook, imefichwa ndani ya INetCache. Kufuta vilivyomo ndio dawa, lakini angalia kwanza. Watu wengi hufungua Word moja kwa moja kutoka kwa barua, wanaiandika masaa mawili, wanabonyeza kuhifadhi, na kazi yao inakaa humo humo. Kopi kila kitu kwa desktopu kabla ya kufuta.

Kuingia ndani zaidi

Kama umefanya yote na bado, iangalie barua yenyewe ikiwa uchi. Kwa Gmail kwenye kompyuta, nukta tatu, Show original. Kwa Thunderbird Ctrl na U. Outlook ya kompyuta haikuonyeshi yote, tumia brauza. Alafu tafuta neno filename=. Likiwepo, na chini yake kuna ukuta mrefu wa herufi zisizosomeka, faili iko. Ukuta ukianza na JVBERi0 hiyo ni PDF. Ukianza na UEsDB ni zipu, ama Word ama Excel ya siku hizi, maana hizo pia ni zipu ndani yake. Ukianza na /9j/ ni picha ya JPEG. Nilipomwonyesha mwalimu yule wa Mumias winmail.dat yake hivi, na hapo ukuta unaanza tofauti, eJ8+, alielewa mara moja kwamba alichopokea siyo PDF bali ni mfuko.

Lisipokuwepo neno hilo, wala ukuta, basi faili iliondolewa kabla ya kukufikia. Hapo huwezi kuirudisha kutoka upande wako hata ufanye nini.

Wakati wa kuacha

Acha mikono ukiona Outlook inasema faili ya .pst, ile inayobeba barua zako zote kwa kompyuta, imeharibika. Kuna programu ya kuitengeneza inayokuja na Outlook, scanpst, lakini ikianzwa bila nakala inaweza kukata barua ambazo zingeokolewa. Acha pia kama ni imeili ya kazi na wenzako wawili watatu wana shida hiyo hiyo siku moja, hiyo ni seva na siyo kompyuta yako. Na kama barua ni ya kesi, ya shamba ama ya mirathi, usiifowadi huku na huku wala kuifungua kwa kila programu, iache ilivyo mpaka wakili ama fundi aione.

Ukienda kwa fundi ama IT, beba haya: tarehe na saa barua ilipoingia, programu unayotumia na toleo lake, programu ya mwenzako, picha ya skrini ya unachokiona, picha ya Sent ya mwenzako ikionyesha faili na ukubwa wake. Na ile imeili yenyewe iwe bado iko kwa inbox.